Uniti kwa Kila Tani: Hesabu Inayoponza Viwanda

Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Kilo tatu na nusu zinazopotea njiani ni maji, na sehemu kubwa ya kazi ya kiwanda cha chai, kuanzia vitanda vya kunyaushia hadi mashine ya kukaushia, ni kuyafukuza maji hayo bila kuunguza ladha. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto la megajuli 2.5 hivi. Kwa hiyo kila kilo ya chai huzaliwa na deni la karibu megajuli 9, na deni hilo halina msamaha hata meneja awe hodari namna gani. Sehemu yake hulipwa na hewa ya mlimani inayopita katikati ya majani yakinyauka. Iliyobaki hulipwa na boila. Hiyo ndiyo sakafu. Kinachotumika juu ya sakafu hiyo ndicho cha kuulizwa: joto linaloondoka na moshi, mvuke unaopotea kwenye mabomba yasiyovikwa, feni zinazozunguka usiku kucha juu ya majani yaliyokwisha kunyauka. Viwanda vyetu vingi hulipa nishati hiyo yote kila mwezi, lakini ukiuliza kiwanda kiko umbali gani kutoka kwenye sakafu yake, ni wachache watakaokupa jibu la tarakimu.

Sababu ya kwanza ni kwamba bili imepewa kazi isiyoiweza. Bili ya umeme ya kiwanda hukusanya mambo mengi katika jumla moja. Kuna uniti zilizotumika, kuna bei ya uniti, kuna kodi na tozo, na kwa wateja wakubwa kuna malipo ya kilele, yaani mzigo wa juu kabisa uliowahi kufikiwa katika mwezi, unaohesabiwa kwa kilovolti-ampea. Kenya huongeza gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na mabadiliko ya thamani ya shilingi, vitu ambavyo hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Mhasibu anayesema tumeokoa shilingi milioni mbili mwezi huu huenda anasimulia habari za soko la fedha. Na anayelalamika kwamba gharama zimepanda huenda analalamikia mota tatu kubwa zilizowashwa kwa pamoja asubuhi moja, zikapandisha kilele, na kiwanda kizima kikalipia asubuhi hiyo mpaka mwisho wa mwezi. Anayetaka kujua ufanisi inabidi aiweke pembeni shilingi kwanza, ahesabu uniti, lita za mafuta na kuni.

Wengi hufika hapo, wakagawanya uniti kwa tani za bidhaa na kuridhika. Hapa ndipo penye mtego, nami naamini ndio uliovunja moyo mafundi wengi kuliko uhaba wa fedha. Tuchukue kiwanda cha mfano, cha kwenye karatasi tu. Taa, ofisi, pampu za maji, feni za boila na mashine zinazowashwa hata mzigo ukiwa mdogo vinakula uniti 60,000 kila mwezi, chai iwepo isiwepo. Juu ya hapo, kila tani ya chai inataka uniti 400. Mwezi wa mavuno mazuri kiwanda kinatoa tani 300, kinatumia uniti 180,000, sawa na 600 kwa tani. Ukame unapoingia tani zinashuka hadi 150, matumizi yanakuwa 120,000, sawa na 800 kwa tani. Hakuna mota iliyoharibika na hakuna aliyezembea, ila ripoti inasema matumizi kwa tani yamepanda kwa theluthi nzima. Sasa tuseme katika mwezi huo wa ukame fundi mkuu alisimamia uzimaji wa mashine zisizo na kazi, matumizi yakawa 112,000. Ameokoa uniti 8,000, lakini ripoti itaandika 747 kwa tani na yeye ataitwa ajieleze kwa nini amezidi 600 za msimu uliopita. Mvua zikirudi na tani zikafika 400, kiwanda kilipaswa kutumia uniti 220,000. Kikitumia 230,000 kwa uzembe, ripoti itaonyesha 575 na watu watapongezwa. Kipimo kimeadhibu kazi nzuri, kikatunuku uzembe, na hesabu ya kugawanya haikuwa na kosa hata moja.

Dawa yake inajulikana na haihitaji zaidi ya karatasi ya miraba. Weka tani za kila wiki kwenye mstari wa chini na uniti za wiki hiyo kwenye mstari wa wima, tia nukta moja kwa kila wiki, kisha pitisha mstari katikati ya nukta hizo. Mwinamo wa mstari unakuambia tani moja inakula nini hasa. Mahali mstari unapokata wima, juu ya sifuri, ndipo palipo na gharama ya kiwanda kuwepo tu. Kuanzia hapo kila wiki inalinganishwa na kile ambacho mstari ulitabiri kwa tani za wiki hiyo, na tofauti zinajumlishwa wiki baada ya wiki. Jumla ikianza kuinama kuelekea chini, kuna kitu kimerekebishwa, na ikianza kupanda, kuna kitu kimelegea, nawe unajua ni wiki gani ukaangalie. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotoka mwaka 2011 na kurekebishwa 2018, kinadai kiwanda kiwe na msingi wa aina hii wa kujilinganisha. Chai ina sababu nyingine tena ya kuingizwa kwenye hesabu: majani yaliyochumwa mvuani huja yamebeba maji ya ziada juu ya ngozi yake, na maji hayo nayo lazima yakaushwe. Mstari usiojua habari za mvua utamlaumu mwendesha boila kwa sababu ya mawingu.

Kile kipande cha juu ya sifuri kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu, maana ndimo akiba iliyo rahisi hujificha. Njia ya kukijua ni kusoma mita Jumapili usiku, uzalishaji ukiwa umesimama, na kuuliza kila uniti inayopita inakwenda wapi. Katika viwanda vya vinywaji na vya plastiki jibu huwa ni hewa. Kompresa hula umeme mwingi na kutoa kazi kidogo. Katika kila uniti kumi zinazoingia, ni moja tu au zaidi yake kidogo inayofika kwenye kifaa kama kazi yenye manufaa, nyingine zinageuka joto. Halafu mabomba ya hewa huvuja. Katika kiwanda kisichotunzwa, kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa yote iliyoshindiliwa hupotea kwenye maungio na vali, na kwa kuwa hewa haichafui sakafu wala hainuki, hakuna anayeshtuka. Bomba la mafuta likivuja hivyo zamu nzima ingesimama. Katika chai, jibu mara nyingi ni feni za kunyaushia. Feni ina tabia ambayo kila mwenye kiwanda angepaswa kuijua kwa moyo: nguvu inayoitaka hubadilika kwa ujazo wa mwendo wake, mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, umeme unaotumika unashuka hadi karibu nusu. Majani yanayohitaji upepo mwingi saa za mwanzo hayahitaji upepo ule ule alfajiri, lakini feni yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu haijui tofauti hiyo, na mita ya jumla ya kiwanda haiwezi kuionyesha. Mita ndogo kwenye laini ya feni itaionyesha usiku wa kwanza.

Upande wa joto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuni hupimwa kwa macho. Viwanda vingi vya chai huzinunua kwa mita za ujazo, zikiwa zimepangwa mrundo, na hesabu ya mwisho wa mwezi husema mita kadhaa za kuni kwa tani kadhaa za chai. Mrundo una hewa katikati ya vipande, na vipande vyenyewe vina maji. Kuni iliyokatwa juzi, ambayo nusu ya uzito wake ni maji, hutoa kwa kila kilo karibu nusu tu ya joto la kuni iliyokauka vizuri, kwa sababu kuna maji ya kuchemsha ndani ya kuni kabla ya kuchemsha maji ya boila. Kiwanda kinachochoma kuni mbichi ni kama kinakausha mazao mawili kwa wakati mmoja, chai na kuni. Matumizi yakipanda, mhandisi atashuku boila, atasafisha mabomba, ataita mtaalamu wa kupima moshi, na tatizo kumbe liko uani, kwenye kuni zilizoloweshwa na mvua kwa kukosa paa. Mizani langoni na kifaa kidogo cha kupima unyevu wa mti ndiyo vitu viwili ambavyo ningevidai kabla ya mtambo wowote mpya. Banda la kukaushia kuni ni mradi wa ufanisi wa nishati sawa na mota ya kisasa, ila halina msambazaji wa kulitangaza.

Hadi hapo kiwanda kinajilinganisha na nafsi yake. Kujilinganisha hivyo kuna kikomo, kwa sababu kiwanda kinaweza kuwa bora kuliko jana yake na bado kikawa cha mwisho miongoni mwa wenzake. Lazima kije kipimo cha pili, cha kuwekwa mbele ya wengine, na hapa watu wa viwanda huanza kukunja uso. Pingamizi lao la kwanza ni la haki: viwanda havifanani. Saruji inalionyesha vizuri kuliko bidhaa nyingine. Moyo wa saruji ni klinka, mawe yaliyochomwa kwenye tanuri la takriban nyuzi 1,450. Kemia peke yake inadai megajuli 1.8 hivi kwa kila kilo ya klinka. Tanuri bora la kisasa linatumia karibu 3, na matanuri ya zamani yanayolishwa matope hupita 5. Lakini kuna viwanda ambavyo havina tanuri kabisa. Vinanunua klinka, vinaisaga pamoja na jasi na majivu ya volkano, vinafungasha. Ukigawanya nishati yote kwa tani za saruji, msagaji wa klinka ataonekana bingwa, na kumbe moto wake umewashwa mahali pengine, pengine ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana swali la kwanza katika ulinganishaji wowote ni mpaka: nini kimehesabiwa ndani ya uzio, na nini kimeachwa nje.

Pingamizi hilo hata hivyo linadai ulinganishaji ufanywe kwa akili, halidai uachwe. Marekani ililijibu kupitia ENERGY STAR, mpango wa wakala wa mazingira ulioanza mwaka 1992. Kwa viwanda, watafiti wakiongozwa na Gale Boyd wa Chuo Kikuu cha Duke walitumia takwimu za siri za sensa ya viwanda kutengeneza kielelezo kwa kila sekta. Kielelezo cha viwanda vya kuunganisha magari, kwa mfano, kinazingatia ukubwa wa gari linalotengenezwa, baridi na joto la mahali kiwanda kilipo, na sehemu ya uwezo wake inayotumika. Baada ya tofauti hizo kuondolewa, kiwanda kinapewa alama kati ya 1 na 100, ikieleza kinasimama wapi miongoni mwa wenzake wa aina ile ile, na wanaofika 75 wanaweza kuomba cheti. India ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2015 ilivipa viwanda na mitambo 478 ya sekta nane lengo la kupunguza nishati, kila kimoja kwa kuanzia kwenye matumizi yake chenyewe, huku waliobaki nyuma wakibebeshwa sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Waliovuka lengo walipata vyeti vya kuwauzia walioshindwa. Lengo la jumla lilivukwa, ingawa vyeti vilikuwa vingi hata bei yake ikashuka, dalili kwamba malengo yenyewe yalikuwa mepesi. Katika nchi zote mbili tofauti za viwanda ziliingizwa kwenye hesabu. Kwetu kazi ingekuwa nyepesi zaidi, angalau katika chai: kampuni ya chai ya KTDA ya Kenya peke yake inasimamia viwanda vipatavyo 70 vya wakulima wadogo vyenye kazi moja na mashine za jamii moja. Katika nchi yenye viwanda vichache vya kila aina, mtu atauliza, nitajilinganisha na nani? Chai imekwisha kujibu.

Pingamizi la pili ni siri ya biashara, na hili siliamini. Wenye viwanda husema kwamba mshindani akijua nishati yangu kwa tani atajua gharama zangu. Lakini chai inayopita mnada wa Mombasa huuzwa hadharani kila wiki, na wanunuzi wote wanajua chai ya kiwanda gani imepata bei gani. Kama bei inavumilika hadharani, sioni uniti kwa tani zitamwangamiza nani. Historia nayo ina ushahidi wa zaidi ya miaka 200. Migodi ya shaba na bati ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, ilitegemea mashine za mvuke kuvuta maji yaliyofurika ndani, nayo Cornwall haina makaa ya mawe. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales, kwa gharama. Kampuni ya Boulton na Watt iliwafungia mashine zake kwa masharti ya kulipwa theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa, ikilinganishwa na mashine za zamani za Newcomen, na kwa ajili hiyo ilifunga kwenye kila mashine kihesabio cha mapigo ndani ya kisanduku chenye kufuli. Hataza ya Watt ilipokwisha mwaka 1800 kampuni ikaondoka, usimamizi ukalegea na utendaji wa mashine ukashuka. Mwaka 1811 wasimamizi wa migodi wakakubaliana jambo ambalo lingewashangaza wenye viwanda wetu wa leo: kila mwezi ichapishwe ripoti inayotaja kila mashine iliyojiunga, iliinua maji kiasi gani kwa kila kipimo cha makaa. Kazi hiyo wakampa Joel Lean, msimamizi wa migodi aliyeheshimika, na alipofariki mwaka uliofuata wanawe wakaiendeleza. Ripoti ya kwanza ilikuwa na mashine chache tu. Wahandisi walioonekana mkiani mwezi mmoja walikwenda kuangalia wa kileleni amefanya nini, wakaiga, wakaongeza lao. Ilipofika miaka ya 1840, wastani wa kazi iliyopatikana kwa kipimo kile kile cha makaa ulikuwa umefika karibu mara tatu. Sifa haikumwendea mvumbuzi mmoja pekee. Nyingi ya nyongeza hizo zilikuwa ndogo ndogo, za mafundi wengi, zilizosambaa kwa sababu karatasi ilikuwa wazi.

Gharama ya kupima ni pingamizi zito kuliko siri, hasa kwa kiwanda kidogo. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliagiza kila anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Nia ni njema na sheria ya namna hiyo ni ya kuigwa. Ila ukaguzi wa miaka mitatu ni picha ya siku moja. Mkaguzi huja na vifaa vyake, hupima wiki moja, huandika ripoti nene na kuondoka, na kiwanda kinabaki bila jicho kwa siku nyingine elfu moja. Mtu aliyesoma mita chache kila zamu, akaandika kwenye daftari moja pamoja na tani za zamu hiyo, anajua mambo ambayo ripoti hiyo haiwezi kuyajua. Kipimo hakiokoi uniti hata moja chenyewe, nalikubali hilo. Meneja asiyetaka kuziba bomba hatalazimishwa na grafu. Lakini meneja anayetaka, akiwa hana grafu, hawezi hata kumthibitishia mwenye fedha kwamba mota mpya ya mwaka jana imelipa, na bila ushahidi huo mota ya pili haitanunuliwa.

Tanzania sasa linasikika pingamizi jipya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na tangu mtambo wake wa kwanza uanze kuzalisha Februari 2024 baadhi ya watu huuliza tunabana umeme wa nini wakati upo wa kutosha. Umeme wa kutosha bwawani si umeme wa kutosha kiwandani. Katikati kuna nyaya, transfoma na vituo vya kupozea umeme ambavyo kila megawati ya ziada huvibebesha mzigo. Kiwanda kinachozalisha bidhaa ile ile kwa umeme pungufu kinaacha nafasi kwa jirani yake kuunganishwa leo, kabla laini mpya haijajengwa. Tena maji ya Rufiji hayachemshi boila za Mufindi wala Rungwe. Huko bado ni kuni, na kila mrundo unaookolewa ni miti inayobaki imesimama kwenye milima ile ile inayoyapa maji mashamba ya chai.

Kwa hiyo nasema tuanze na chai, na tuanze na karatasi kama ya Lean. Bodi za chai za nchi zetu zinaweza kuikusanya. Zikitaka, mwaka wa kwanza viwanda vitajwe kwa namba za siri ambazo kila kimoja kinaijua yake tu, mpaka watu wazoee kuonekana. Safu hazihitaji kuwa nyingi: kilo za majani mabichi zilizoingia, kilo za chai kavu zilizotoka, uniti za gridi, lita za dizeli za jenereta, uniti zilizosomwa saa ambazo kiwanda kilikuwa kimesimama, uzito wa kuni zilizopita mizani, na unyevu wa kuni hizo siku zilipoingia kwenye boila.